Siasa zimechafuka na wewe una usonji: namna ya kufuatilia habari bila kusambaratika

Hali ya siasa ikichafuka ushauri wa kwanza utakaopewa na kila mtu ni zima simu, achana nazo. Wanaosema hivyo hawana ubaya, ila kwa wengi wetu wenye usonji (autism) haisaidii, maana simu ukiizima kichwa hakizimiki. Unakaa hapo huku kichwa kinaendelea kuuliza sasa wametangaza nini, wameamua nini, kesho itakuwaje, na dakika chache baadaye ushaiwasha tena. Kinachotutesa sana ni kutojua, kuliko hata habari yenyewe. Watafiti wanaochunguza wasiwasi kwa watu wenye usonji wamelikuta hili mara nyingi, kwamba anayepata taabu kuvumilia mambo yasiyo na uhakika ndo huyohuyo mwenye wasiwasi mkubwa, na siasa ikishapata joto ni kutojua kutupu, hakuna ratiba, hakuna jibu, na kila anayeongea anaongea kama vile anajua.

Kwa hiyo kabla hujahangaika kupunguza habari, hangaika kupunguza kutojua. Kuna siku hivyo viwili vinakwenda pamoja na kuna siku vinapingana kabisa.

Weka saa, na weka maswali

Habari za laivu hazina mwisho, zimetengenezwa hivyo, na kichwa kinachotaka kumaliza kitu kimoja ndo kiende kingine kinanasa humohumo. Mwaka 2005 mtafiti Dinah Murray na wenzake wawili walichapisha maelezo yao ya usonji, kwamba umakini wetu huwa unamiminika wote kwenye jambo moja badala ya kugawanyika kwenye mengi, na kuuhamisha pale kuupeleka pengine ni kazi. Ukishalijua hilo unaelewa kwanini "naangalia dakika mbili tu" haijawahi kuwa dakika mbili.

Chagua chanzo kimoja, viwili vikizidi, cha maandishi, chenye muhtasari wa siku. Halafu chagua saa ya kukisoma, na iwe saa ileile kila siku. Usiku karibu na kulala hapana, na asubuhi jicho likiwa halijafunguka vizuri pia hapana. Tuseme saa 11 jioni. Faida yake ni kwamba swali likikujia saa 4 asubuhi lina pa kwenda, unaliandika kwenye karatasi na linasubiri jioni. Najua kuandika maswali kunaonekana kama mambo ya darasani ila ndo sehemu inayobeba mbinu yote, kwahiyo usiiruke. Andika maswali yanayojibika. "Nini kitatokea kwetu" halijibiki na mtu yeyote, hata hao wachambuzi wenye tai. "Matokeo yanatangazwa lini", "hiyo amri inamhusu nani", "kesi inasikilizwa siku gani", haya yana majibu. Saa ikifika unasoma ukitafuta majibu ya karatasi yako, sio kula kila kinachotupwa mbele yako. Lisilo na jibu liandikie pembeni "bado haijulikani, naangalia tena Alhamisi". Utashangaa, kichwa kinaitulia "haijulikani" iliyoandikwa na yenye tarehe kuliko ile inayozunguka hewani.

Sasa kuacha ndo ngoma. Alamu peke yake haitoshi, mkono unaizima bila hata kukuuliza. Iweke alamu chumba kingine ili lazima usimame, na kabla hujaanza kusoma uwe ushaandaa kitu cha kufuata, gemu imefunguliwa pale ulipoishia, maji ya kuoga yako tayari, hedifoni ziko kitandani na wimbo ule ule unaousikiliza mara mia. Ukiuambia umakini "toka hapo" bila kuupa pa kwenda unarudi ulikotoka.

Simu uifunge miguu

Vidio ni mbaya kuliko maandishi. Sauti za vilio, ving'ora, mtangazaji anayepayuka, picha inayotikisika, vyote vinaingia kwa mpigo, na kwa mtu ambaye milango yake ya fahamu tayari iko wazi kupita kiasi hiyo sio taarifa tena, ni kipigo. Zima vidio zinazojicheza zenyewe kwenye kila appu inayoruhusu. WhatsApp ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na vidio wa moja kwa moja, hapo hakuna mtu atakayekuletea maiti kwenye simu yako bila wewe kubonyeza. Magrupu huhitaji kutoka (kutoka kunazua kesi nyingine ya ukoo mzima), nyamazisha kabisa na uyahifadhi pembeni yasikae juu. Kwenye X unaweza kuficha maneno fulani, majina ya watu, jina la tukio. Wengine wanaibadilisha skrini iwe nyeusi na nyeupe, jaribu uone.

Na kama unajiambia kwamba kuangalia muda wote ndo kuwajali walioumizwa, soma hii. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2013 watafiti waliwapima msongo watu wa sehemu mbalimbali za Marekani, na waliokuwa wanatazama habari za tukio hilo saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walionyesha msongo mkali kuliko watu waliokuwa pale au karibu na pale mabomu yalipolipuka. Yani mtu yuko kwake sebuleni, salama, mwili wake hauna hiyo habari. Huo haukuwa utafiti wa usonji, ni watu kwa jumla, sasa fikiria sisi.

Maneno ya wanasiasa

Hapa nataka nikae kidogo maana sijaona watu wanapaongelea. Wengi wetu neno tunalichukua lilivyo. Mwanasiasa akisema "tutawafyeka", "nchi imeuzwa", "huu ni uchaguzi wa mwisho", wenzetu wanasikia mbwembwe za jukwaani, sisi tunasikia ratiba. Ukiambiwa "ah, anaongea tu huyo" haisaidii, maana wakati mwingine haongei tu.

Mimi natumia ngazi. Jambo lolote la kutisha huwa liko kwenye hatua fulani: limesemwa mdomoni, au limeandikwa rasmi kama muswada au amri, au limepitishwa, au limepingwa mahakamani, au limeshaanza kutekelezwa kwa watu halisi. Ukisikia kitu andika kiko ngazi ya ngapi, na andika pia kikitaka kupanda ngazi lazima kitokee nini na kitajulikana wapi. Mengi ya kutisha yanaishia ngazi ya kwanza, na yanayopanda mengi yake yanapanda polepole kuliko vichwa vya habari vinavyokuambia. Ila uwe mkweli na nafsi yako, kuna sehemu ambako ngazi zinarukwa, jambo linatekelezwa kabla halijaandikwa popote. Ukiwa sehemu kama hiyo acha kuhesabu maneno, angalia yaliyokwishafanyika kwa watu wa aina yako, na nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mpango huko chini. Hofu yenye msingi haitibiwi kwa kuambiwa upumue taratibu.

Na wewe ambaye siasa ndo kitu chako

Kuna wenye usonji ambao siasa ndo penzi lao, ramani za majimbo, katiba, takwimu za chaguzi za zamani, majina ya mawaziri tangu enzi. Huyo ukimwambia aachane na siasa umemnyang'anya sehemu anayopumzikia. Jiangalie ukimaliza: ukitoka umechangamka, una la kumsimulia mtu, hilo ni penzi, endelea. Ukitoka umekauka, taya zimebana, na hukumbuki hata ulichosoma, hapo ulikuwa unakagua tu. Dawa yake mara nyingi ni kurudi nyuma kwenye mambo yaliyokwisha, chaguzi za miaka 40 iliyopita zinajulikana zilivyoisha.

Mwili unajua kabla yako

Ule uwezo wa kutambua na kuitaja hisia yako mwenyewe, wengi wetu unasumbua. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti mbalimbali ulikuta karibu nusu ya watu wenye usonji wana shida hiyo, wakati kwa wasio na usonji ni kama watu 5 kwa 100. Ndo maana mtu anakuuliza "uko sawa?" unasema niko sawa, na kweli kwa unavyojua uko sawa, halafu jioni unalia kwa sababu soksi imekaa vibaya.

Kwahiyo usisubiri hisia, tafuta dalili. Siku ukiwa umetulia andika zako: taa inaonekana kali kuliko jana, lebo ya shati inawasha, vitu vinakuanguka mkononi, umesahau kwenda chooni, sentensi hazitoki, unarudia neno lilelile kichwani. Zikiwa mbili kwa pamoja saa ya habari siku hiyo imefutwa, hamna mjadala na hamna kujihurumia. Giza, blanketi zito, kujitikisa, kuzungusha kitu mkononi, filamu uliyoiona mara kumi. Jitikise bana, hakuna anayekulipa ukae kama sanamu. Jua pia kwamba mshtuko unaweza kuchelewa, tukio la Jumatatu likakufikia Alhamisi ukadhani umeumwa ghafla bila sababu.

Watu

Grupu la familia, binamu kaposti uongo, na wewe unajua ni uongo, una ushahidi, na mwili mzima unawasha mpaka usahihishe. Sahihisha mara moja, weka ushahidi, toka. Akijibu asijibu wewe ushamaliza. Andaa sentensi mapema uzihifadhi kwenye simu, maana zikihitajika mdomo unaweza kukataa: "Hili siliongelei leo." "Nimesikia, natoka kidogo nitarudi." Kwa wakubwa unaweza kuanza na "samahani mjomba" na bado ukaondoka, heshima haidai ubaki kwenye chumba cha kelele.

Wengine watakuona una roho ngumu kwa sababu wao wanalia wewe unauliza takwimu. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kunakwenda pande zote mbili, wasio na usonji nao hawatusomi vizuri. Mwambie tu mtu wako: nikiuliza maswali ndo ninavyojali.

Kama unataka kufanya kitu, chagua kitu chenye mipaka. Greta Thunberg, yule mwanaharakati wa tabianchi wa Sweden ambaye amesema hadharani kwamba yuko kwenye usonji, alieleza mwaka 2018 jinsi akiwa na miaka 11 habari za tabianchi zilichangia kumwangusha mpaka akaacha kula na kuongea, na baadaye alianza kugoma kwenda shule akiwa peke yake na bango lake. Sio lazima uwe yeye. Kutafsiri tangazo, kupanga takwimu za kikundi, kuandika barua moja kwa mwakilishi wako, zote ni kazi. Maandamano yana kelele, msongamano na moshi, na kutokwenda sio usaliti.

Hatari ikiwa karibu kweli

Andika mpango kwenye karatasi, sio kichwani, kichwa kitakuangusha siku hiyo. Nampigia nani wa kwanza, wa pili ni nani asipopokea, naenda wapi, nabeba nini: dawa za wiki kadhaa, nyaraka, pawabenki, hedifoni au vizibo vya masikio, chakula unachoweza kula ukiwa umezidiwa. Na kadi ndogo yenye maneno machache, "nina usonji, naweza kushindwa kuongea, naomba maelekezo mafupi", pamoja na namba ya mtu. Iweke mahali inapoonekana, shingoni ikiwezekana. Ukisimamishwa na askari usiingize mkono mfukoni ghafla kuitafuta, sema kwanza au onyesha kwa ishara. Kujitikisa, kutomwangalia mtu machoni, kuchelewa kujibu, vyote hivyo mtu mwenye silaha na wasiwasi anaweza kuvisoma vibaya, ndo maana mazoezi yafanyike nyumbani mapema na mtu unayemwamini.

Ukiona hujalala siku kadhaa, huli, maneno yamekata na hayarudi, au umeanza kufikiria kujidhuru, hiyo imeshavuka mambo ya habari za siasa, ni ya daktari au mtu wa karibu leo leo, na unaruhusiwa kuandika meseji badala ya kuongea.

Ukiwa ndo unaishi na mwenye usonji

Akishazidiwa akalipuka, au akazimika akawa hajibu, punguza maneno, punguza taa, zima redio. Usimuulize "nini tena", usimshike bila kuomba, na mjadala wa nani alikosea kuacha tivii wazi uahirishe mpaka kesho. Ukitaka kumwekea habari mezani muulize kwanza kama leo anataka. Na mtoto akikuuliza swali lilelile mara ishirini, "vita itakuja huku?", sio kwamba hasikii, anakagua kama jibu bado lipo. Usimwahidi ambacho huna uwezo nacho. Mpe sentensi moja ya kweli, fupi, kwa mfano "leo hapa hakuna vita, na ikibadilika nitakuambia mimi mwenyewe", na kila akirudi mpe hiyohiyo, maneno yaleyale, sauti ileile, wakubwa wote nyumbani wakubaliane nayo, maana bibi akisema kivyake na baba kivyake tunaanza upya.