Kupima Hatari ya Magonjwa Kati ya Mifugo na Wanyamapori: Ushauri kwa Wafugaji wa Simanjiro na Ngorongoro

Nyumbu wa Hifadhi ya Tarangire huingia katika uwanda wa Simanjiro mvua zinapoanza, huzalia humo katika miezi ya mwanzo wa mwaka, kisha hurudi kwenye Mto Tarangire ukame unapokaza. Katika miezi hiyo hiyo ng'ombe nao huyahitaji malisho hayo hayo, kwa kuwa nyasi fupi za uwanda zina madini mengi na maziwa huongezeka wakizila. Mwenye boma hulazimika kuamua apeleke kundi lipi, wapi na kwa muda gani. Uamuzi huo tayari ni tathmini ya hatari, hata kama hakuna aliyeuandika popote, na makala haya yanaeleza namna ya kuufanya kwa utaratibu, ugonjwa mmoja baada ya mwingine, badala ya kuwahofia wanyamapori wote kwa jumla au kutowahofia kabisa.

Kwa kila ugonjwa kuna maswali matatu ya kujibu kwa kufuatana. Je, kimelea chake kipo katika eneo letu? Kikiwapo, hupita njia gani kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine, na katika msimu upi? Kikishaingia zizini, kitaua, kitapunguza maziwa, kitafunga soko au kitawadhuru watu? Pakikosekana kimelea au njia, hatari haipo hata kama twiga na nyati wanaonekana kila asubuhi; kwa upande mwingine, boma lililo mbali na hifadhi linaweza kuwa katika hatari kubwa ikiwa njia ya ugonjwa ni mnada wa kila wiki.

Ugonjwa wa nyumbu ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Virusi vyake hukaa katika miili ya nyumbu bila kuwaugulisha. Ndama wa nyumbu huambukizwa mapema sana na katika miezi mitatu au minne ya kwanza hutoa virusi kwa wingi kupitia kamasi na machozi, ambavyo huangukia kwenye majani na maji. Ng'ombe anayekula hapo muda mfupi baadaye huambukizwa, na karibu kila anayeonyesha dalili hufa: homa kali, kamasi nzito, vidonda mdomoni, mitoki iliyovimba na ukungu mweupe machoni. Dawa ya kuuponya haipo. Kwa kuwa dalili huchukua wiki kadhaa kujitokeza, vifo vingi huonekana wakati nyumbu wenyewe wameshaondoka, na mfugaji asiyekumbuka alikolisha majuma yaliyopita huenda akatafuta chanzo mahali pasipo.

Wazee wengi huamini kwamba ugonjwa huu hutokana na kondo la nyumbu lililoachwa malishoni. Sayansi inaelekeza zaidi kwa ndama mwenyewe, lakini kanuni waliyoiweka, yaani kuyakimbia maeneo ya mazalio, ni sahihi na haijapata mbadala ulio bora. Tofauti ya maelezo ina maana katika jambo moja tu: hatari haikomi siku kondo linapokauka. Inaendelea hadi ndama wawe wakubwa na rangi yao ya kahawia isiyokolea igeuke kuwa ya nyumbu mzima, na rangi hiyo ni kipimo kizuri cha kutumia malishoni kuliko kalenda. Jua kali huviua virusi haraka vikiwa nje ya mwili, kwa hiyo malisho yaliyoachwa na nyumbu hayabaki na sumu kwa msimu mzima. Ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake, na kumtenga hakuzuii chochote kwa ugonjwa huu. Kundi zima lililolisha pamoja naye ndilo la kuangaliwa.

Kuna gharama ambayo mara nyingi husahaulika. Kulikimbia eneo la mazalio maana yake ni kuwahamishia ng'ombe penye majani duni zaidi, kwenye vichaka vyenye kupe wengi au ukanda wenye mbung'o, wakati ule ule ambao uwanda una lishe bora ya mwaka. Ndiyo sababu tathmini isiishie kwenye kuhesabu vifo vinavyoweza kuepukwa. Boma lenye mifugo ya kutosha linaweza kugawa kundi: ng'ombe wakapelekwa ronjo, yaani kambi ya muda ya mifugo, mbali na mazalio, huku mbuzi na kondoo, ambao ugonjwa huu wa nyumbu hauwasumbui, wakibaki kuutumia uwanda. Lenye ng'ombe wachache na watoto wanaotegemea maziwa lina hesabu nyingine, na afisa mifugo asilazimishe jibu moja kwa wote.

Ugonjwa wa miguu na midomo hufundisha kinyume chake. Ni kweli kwamba nyati hubeba virusi vya aina za SAT, yaani kundi la virusi vya ugonjwa huu wa Afrika, kwa miaka bila kuugua, na ni rahisi kumlaumu. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika kaskazini mwa Tanzania zimeonyesha kwamba milipuko mingi ya ng'ombe husambazwa na ng'ombe wenyewe, wanaposafirishwa, wanapokutana majini na wanapochanganywa minadani, na kwamba kuwa karibu na nyati si kigezo kikubwa. Aina za O, A, SAT1 na SAT2 zote zimewahi kupatikana nchini, na kinga dhidi ya moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine. Chanjo isiyolingana na aina inayozunguka ni fedha iliyopotea, na hata inayolingana huhitaji kurudiwa kwa sababu kinga yake ni ya miezi michache. Mfugaji anayeuliza ni aina ipi imethibitishwa wilaya ya jirani anajisaidia zaidi kuliko anayewafukuza nyati. Mnyama aliyenunuliwa akae peke yake, na chombo chake cha maji, kwa angalau wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo tahadhari yetu ilipo dhaifu kuliko mahali pengine popote: watu huamka usiku kulinda zizi dhidi ya fisi, kisha dume la mnadani huingizwa zizini jioni ile ile bila swali.

Kwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, nyati ana uzito wake. Kupe aliyenyonya damu ya nyati akiwa bado mchanga hubeba vimelea, na akipanda juu ya ng'ombe katika hatua yake inayofuata humwambukiza. Hawahitaji kukutana ana kwa ana, inatosha watumie kichaka kimoja kwa nyakati tofauti. Chanjo ya ndigana, ambayo hutolewa na mtaalamu pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu, imeokoa ndama wengi sana katika jamii za wafugaji, lakini kinga yake dhidi ya vimelea vinavyotoka kwa nyati haijakamilika. Boma linalolisha mahali nyati wanapolala lisiache josho kwa sababu tu limechanja. Dawa ya kuogesha ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa iliyozimuliwa ili itoshe kundi kubwa huwafundisha kupe kuizoea.

Kimeta hakihitaji mnyamapori aliye hai. Mbegu zake hukaa udongoni kwa miongo, na mzoga wa nyumbu, pundamilia au ng'ombe uliopasuliwa hulitia eneo hilo sumu kwa muda mrefu. Hatari hupanda malisho yanapokuwa mafupi na mnyama akala karibu na udongo. Mnyama aliyekufa ghafla, akavimba upesi, mwili usikakamae na damu isiyoganda ikatoka puani au sehemu ya haja, asichunwe, asiliwe na asipasuliwe hata kwa nia ya kutaka kujua. Afunikwe ili fisi, tai na mbwa wasimguse, kisha achomwe au azikwe kwa kina kisichopungua mita 2 chini ya usimamizi wa mtaalamu. Mahali hapo pawekwe alama na pakumbukwe katika mpango wa malisho. Chanjo hutolewa kila mwaka, kabla ya msimu wa hatari.

Tathmini nyingi huishia hapo, kana kwamba magonjwa hutoka porini tu. Historia ya Serengeti inasema vingine. Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, iliingia na ng'ombe na kuwaua nyumbu na nyati tangu miaka ya 1890. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walipochanjwa, nyumbu wakaongezeka kutoka takribani robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja katika muda usiotimia miaka ishirini, na mwaka 2011 ugonjwa huo ukatangazwa kutokomezwa duniani. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaotokana na mbwa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Leo sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008, inahitaji kuangaliwa kwa jicho hilo hilo. Kuchanja mbuzi, kondoo na mbwa ni kinga ya boma na ya pori kwa pamoja, na kwa kichaa cha mbwa lengo linalotambulika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila kijiji.

Kuifanya kazi hii kijijini hakuhitaji vifaa. Wachungaji, wanawake wanaokamua, mlinzi wa wanyamapori wa kijiji na afisa mifugo wa kata wakutane kabla ya mvua, wachore ardhini lambo, chunya (mahali mifugo hulamba chumvi), josho, mazalio, makaburi ya kimeta na njia ya mnada, kisha waulizane ni nani hupita wapi katika kila mwezi. Wachungaji vijana wasikilizwe kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaojua kundi lilipita wapi hasa, na hawatasema mbele ya wazee waliokwisha kusema. Palipo na njia mbili au tatu za magonjwa mahali pamoja, kwa mfano lambo linalotumiwa na nyumbu mchana na mifugo ya mnada jioni, ndipo pa kuanzia kazi, hata kama ni kwa kubadili tu saa za kunywesha. Mchoro unakiliwe kwenye daftari na urudiwe baada ya masika, kwa sababu mvua zilizopitiliza huleta mbu na Homa ya Bonde la Ufa, kama ilivyotokea mwaka 2006 na 2007, na ukame huwasonganisha wanyama wote kwenye maji machache.

Vifo visivyoeleweka vitolewe taarifa kwa afisa mifugo mara moja, kama inavyotakiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na mizoga ya wanyamapori itajwe vilevile. Taarifa itaje mahali, tarehe, aina na umri wa mnyama, dalili za kwanza, mahali kundi lilipolisha katika wiki nane zilizopita, na mnyama yeyote mgeni aliyeingia zizini. Sampuli zichukuliwe na mtaalamu na zipelekwe Wakala wa Maabara ya Veterinari kabla mnyama hajapewa antibiotiki, kwa kuwa dawa iliyotangulia huweza kuficha kimeta na kuifanya maabara ijibu kwamba hakuna kilichoonekana.