Riale ya Maria Theresa: ikague mwenyewe kabla ya kwenda kwa sonara

Riale, ile sarafu ya fedha ya kale, ikitoka sandukuni mwa bibi, watu husoma mwaka kwanza: 1780. Hapo bei imeshapanda! Tulia. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki Novemba 1780, na riale yake ikaendelea kupigwa miaka mingi baadaye ikiwa na mwaka uleule juu yake, Vienna, kisha Rome, London, Paris, hata Bombay. Adimu ni ile iliyopigwa 1780 yenyewe huko Günzburg, mji ulio kusini mwa Ujerumani ya leo. Usiisugue, wala ndimu usiiguse.

Uzito. Tumia mizani inayosoma desimali. Riale nzima ni gramu 28.07, upana wake kama milimita 40. Iliyozunguka sana sokoni hupungua kidogo. Yenye tundu au pete ya mkufu, uzito wake usikushughulishe hapa; uandike tu, kisha nenda kwenye maji.

Maji. Hapa bandia nyingi huumbuka. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Ifunge riale kwa uzi mwembamba, izamishe yote, isiguse chini wala pembeni. Kwa riale nzima mizani isome karibu 2.75. Gawanya uzito wa riale yako kwa namba hiyo: 28.07 kwa 2.75 ni kama 10.2, ndiyo fedha ya 833 kwa elfu, iliyobaki shaba. Ukipata 9 au chini, hiyo imepakwa rangi ya fedha tu. Ila viputo vya hewa hujificha kwenye mikunjo ya nguo ya malkia na kuharibu hesabu, kwa hiyo itikisetikise ndani ya maji kwanza.

Ukingo. Izungushe polepole kwenye mwanga. Maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yawe yameinuka, yakisomeka. Ukiona mshono umepita katikati ya ukingo, imemiminwa kwenye kalibu, iweke pembeni.

Uso. Chini ya kifua pana herufi S.F., yaani Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg. Wauzaji huzipigia debe sana herufi hizi, lakini zimenakiliwa hadi leo, hazithibitishi kitu. Chukua lenzi, linganisha na picha za katalogi: lulu za pambo la begani, manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili, alama ya X baada ya 1780. Tofauti za viwanda zimo humo.

Yako ikiwa na mwaka wa kabla ya 1780, mtafute mjuzi wa sarafu kwanza. Sonara atakulipa kwa gramu.