Jinsi ya kupanga chumba cha mtoto cha kiboho, rangi tulivu, kwa vitu vya huku huku Nyanda za Juu

Kazi yangu ni kushona mapazia na kupamba vyumba hapa Mbeya, na tangu mwaka jana akina mama vijacho wengi wananiuliza kitu kimoja, kile chumba cha mtoto cha boho, ule mtindo wa vitu vya asili, chenye krimu na kahawia, vikapu ukutani, nyuzi za pamba zinaning'inia, mbao inaonekana mbao. Wengi wanakuja na picha kwenye simu wakidhani lazima waagize vitu Dar au nje kabisa. Jamani, angalieni hizo picha vizuri, ni vikapu, mikeka, vyungu na kitambaa cha pamba, vitu ambavyo tumekua navyo. Naandika hapa namna ninavyofanya mimi, wawili wa kwangu wamelelewa kwenye chumba cha hivi.

HATUA YA 1: Anza na baridi, mapambo yanafuata

Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu unashuka chini ya nyuzi 10, na Makete na Njombe ndo usiseme. Ukiweza kuchagua chumba, chukua chenye dirisha linalotazama kaskazini, maana miezi ya baridi jua linakuwa upande huo na linaingia ndani. Hapo dirishani weka sehemu ya kumbadilishia nepi na kumpaka mafuta mchana. Kitanda usikiweke hapo, kiwe ukuta wa ndani mbali na upepo na mbali na kamba za pazia.

Alafu hili nasema kwa mkazo, jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata likiwa limeshawaka vizuri halina moshi. Nilipojifungua wa kwanza mama mkwe wangu kwa upendo kabisa aliniletea jiko chumbani usiku, nikaamka kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu, bahati nilifika dirishani nikafungua. Ile hewa ya sumu haina rangi wala harufu, na mtoto mchanga hawezi kukuamsha kukuambia. Mvalishe tabaka mbili tatu nyepesi, na chupa ya maji ya moto pasha nayo godoro kabla hajalala, ukimlaza unaitoa.

HATUA YA 2: Rangi ya ukuta

Chukua rangi ya maji, waambie dukani wakuchanganyie krimu inayoelekea maziwa ya mgando, au kahawia nyepesi kama udongo uliokauka. Kijivu mimi nakikataa Mbeya, najua kwenye picha kinapendeza ila huku asubuhi za ukungu kinafanya chumba kionekane kama kimemwagiwa maji baridi, nimeshapaka upya vyumba viwili kwa sababu hiyo. Paka mapema, wiki tatu nne kabla ya tarehe ya kujifungua, madirisha wazi mpaka harufu iishe, na mama mjamzito asiwe ndo mpaka rangi.

Kuna wanaosema rangi tulivu zinamchosha mtoto. Mtoto akizaliwa anaona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani uso wako unapomnyonyesha. Ukuta hauoni. Huu utulivu ni wa wewe unayeamka saa nane usiku.

HATUA YA 3: Kitanda

Huku tumebarikiwa mbao za paini kutoka Mafinga, nyeupe, laini, na ndo rangi yenyewe ya boho. Mpe fundi seremala vipimo kwenye karatasi, usimwambie kwa mdomo: godoro la sentimita 120 kwa 60, na fito za pembeni ziachane zisizidi sentimita 6. Siku ya kuchukua nenda na kopo tupu la soda, la kawaida sio lile jembamba, lipitishe katikati ya fito, likipita mrudishie fundi kwa sababu mwili wa mtoto nao unaweza kupita kichwa kikakwama. Godoro libane kingo zote, vidole vyako viwili visiingie kwa urahisi. Msasa upigwe mpaka upitishe kiganja bila kukwaruzwa. Kama lazima vanishi basi iwe ya maji na kitanda kikae nje ya chumba wiki mbili.

Ndani ya kitanda sasa, weka godoro gumu na shuka lililobana, basi. Hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna ile mito ya kuzungushia pembeni hata kama umeikuta kwenye kila picha. Marekani walishapiga marufuku kuuza hiyo mito mwaka 2022 kwa sababu watoto wamekosa hewa. Mtoto alale chali. Mapambo yote unayoyataka yako ukutani na sakafuni, kitandani usiweke hata moja.

Na kwa miezi sita ya mwanzo mtoto anatakiwa alale chumba kimoja na mtu mzima, kitanda chake mwenyewe. Kwa hiyo mimi chumba cha mtoto sikipangi bila kitanda kifupi cha mkubwa pembeni, cha paini hiyo hiyo, kwanza hata bibi akija kulea mzazi analala wapi? Tandika shuka la krimu na mablanketi ya mtumba ya rangi za mchanga, sokoni Mwanjelwa ukiwahi asubuhi unapata mazuri sana, ufue kwa maji ya moto.

Chandarua kile cha mviringo kinachoning'inia kinapendeza mno na ni cha boho kweli, weka cheupe. Kama kina dawa kitoe kwenye mfuko ukianike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Kichomekwe chini ya godoro pande zote, kisimfikie mtoto usoni.

HATUA YA 4: Chini

Mkeka wa ukindu usiotiwa rangi, juu yake kapeti dogo la pamba. Ila sakafu ya simenti huku inapandisha unyevu masika, mimi Machi moja nilinyanyua mkeka nikakuta chini kote kijani cha ukungu, na mwanangu alikuwa anakohoa wiki nzima sijajua chanzo. Toka hapo kila Jumamosi mkeka unatoka juani, hakuna mjadala.

HATUA YA 5: Ukuta, hapa ndo utamu ulipo

Chukua nyungo tatu za saizi tofauti, kubwa kati, ndogo pembeni chini kidogo, zisiwe mstari mmoja. Ongeza kikapu cha Iringa kimoja au viwili, vile vya milulu wanavyosuka mama zetu wa Kihehe, chagua vya rangi yake ya asili, usiweke mchanganyiko wa pinki na kijani hapa. Vikapu vikubwa vinabaki chini kuweka nepi na nguo.

Alafu makrame, ile ya nyuzi. Tafuta tawi la mparachichi lililokauka, refu kama sentimita 60, limenye maganda. Nunua uzi mnene wa pamba, kata nyuzi 16 za mita 3 kila moja. Kila uzi ukunje katikati, kitanzi kipite nyuma ya tawi, ncha mbili ziingie kwenye kitanzi, vuta. Unapata nyuzi 32 zinaning'inia. Sasa chukua nne za kwanza, mbili za kati ziache zimesimama tu. Ya kushoto ipitishe juu ya zile za kati na chini ya ile ya kulia, ya kulia nayo ipite nyuma ya za kati itokeze kwenye tundu la kushoto, vuta. Rudia ukianzia kulia. Hilo ni fundo moja, liko bapa, halizunguki. Likianza kujisokota kama kamba ya ng'ombe ujue umesahau kubadilisha upande. Maliza mstari, mstari wa pili ruka nyuzi mbili za mwanzo ndo ufunge nne nne, utaona vidirisha vya almasi vinajitokeza. Fanya mistari mitano au sita, chini kata kwa umbo la V, chana ncha kwa kitana. Usiku mbili tatu imeisha.

Chochote kati ya hivi kisitundikwe juu ya kitanda cha mtoto, na nyuzi ziwe mbali na mkono wake, maana leo analala tu, akifika miezi mitano anavuta kila kitu. Chungu cha Wakisi kutoka Matema, chenye manyasi makavu ndani, weka juu ya kabati, sio chini.

HATUA YA 6: Pazia na taa

Amerikani, dada zangu! Ile pamba ambayo haijapaushwa, wengi wanaijua ya kushonea mifuko, ndo pazia zuri kuliko yote ya boho na bei yake haiumi. Ifue kwanza maana inarudi, alafu chukua upana mara mbili wa dirisha, nyuma ishonee kitambaa kizito kuzuia baridi. Taa weka balbu ya mwanga wa njano, ndogo, pembeni chini, isimulike uso wa mtoto ukimnyonyesha usiku.

HATUA YA 7: Lala humo

Kabla mtoto hajaja, lala chumbani humo usiku mmoja. Washa mshumaa upitishe taratibu pembeni ya fremu ya dirisha, pazia likiwa limefungwa juu, na mtu mwingine akuangalizie. Moto ukiyumba hapo panaingiza upepo, weka alama kwa chaki, kesho yake unaziba. Wiki iliyopita kwa mteja mmoja Isyesye tulikuta sehemu nne, na dirisha lilikuwa jipya kabisa.