Kuchagua na Kutumia Lehemu katika Amplifaya na Spika

Mtu anayefufua amplifaya ya zamani hapa Tanga, pengine ili asikilize tena santuri za Black Star Musical Club, kikundi cha taarabu cha hapa, huenda akashauriwa anunue lehemu iliyochanganywa na madini ya fedha kwa bei kubwa, akiambiwa kwamba itasafisha sauti. Ushauri huo siukubali. Ikiwa kiungo, yaani mahali lehemu inapounganisha waya au kipuri, kimeshika vizuri, aina ya lehemu haibadilishi sauti kwa kiasi ambacho sikio linaweza kukitambua. Kinachoharibu sauti ni kiungo kibovu, na lehemu ifaayo ni ile inayopunguza uwezekano wa kukipata.

Lehemu ya bati na risasi huuzuia umeme takriban mara 9 zaidi ya shaba, lakini umeme hupita ndani yake kwa umbali mdogo mno. Kiungo chenye urefu wa milimita 1 na eneo la milimita 1 ya mraba kina ukinzani (kiasi cha kuuzuia umeme) wa takriban omu 0.00015. Waya wa spika wa shaba wenye eneo la milimita za mraba 1.5, ukienda mita 5 na kurudi mita 5, una ukinzani wa takriban omu 0.11, ambao ni zaidi ya mara 700 ya ule wa kiungo. Asilimia 2 ya fedha iliyomo kwenye lehemu haiwezi kusikika mbele ya waya huo, achilia mbali spika yenyewe ya omu 8.

Kwa kazi ya mikono, nunua lehemu yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, iliyo na ulimbo ndani yake, yaani utomvu unaoisaidia lehemu kushika. Mchanganyiko huo huyeyuka na kuganda papo hapo kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile ya bei nafuu yenye bati asilimia 40 hubaki kama uji kuanzia nyuzi 238 hadi 183, na waya ukitikisika katika muda huo, kiungo huganda kikiwa na nyufa ambazo baadaye huleta mikwaruzo, au sauti ya upande mmoja inayokuja na kutoweka. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi na hudai joto zaidi, ingawa nayo ikishika vizuri sauti yake ni ileile. Lehemu yenye fedha ina kazi yake halali: huzuia bati lisile utando wa fedha uliopakwa kwenye baadhi ya vipuri.

Kabla ya kuanza, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri kapasita kubwa, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, zimalize chaji, kisha uthibitishe kwa mita ya kupimia umeme. Kwangua kutu kwenye waya na ondoa lehemu ya zamani. Weka ncha ya chuma cha kulehemu kwenye nyuzi 320 hadi 350, uipashe joto miguu ya kipuri na shaba ya bodi kwa pamoja, ndipo uguse lehemu kwenye shaba hiyo wala si kwenye ncha. Sekunde 2 au 3 hutosha. Usitikise kitu mpaka igande. Lehemu iliyosambaa na kupanda taratibu kuelekea kwenye mguu wa kipuri imeshika. Iliyojikusanya kama tone haijashika. Fungua dirisha, kwa kuwa moshi wa ulimbo hudhuru mapafu, na unawe mikono kabla ya kula kwa sababu ya risasi.

Ukiwa na shaka na kiungo cha plagi ya spika, kitenganishe na amplifaya, upitishe humo ampea 1 kutoka kwenye chanzo cha umeme kinachodhibiti mkondo, na upime milivolti kati ya pande zake mbili. Kiungo kizima hakifiki hata milivolti 1. Namba ikirukaruka unapousogeza waya, kilehemu upya.

Kamwe usitumie dawa ya asidi ya kuungia mabati. Masalia yake hula shaba, na hewa ya chumvi na unyevu wa Raskazone au Chumbageni huiharakisha kutu hiyo. Masalia ya ulimbo nayo yafute kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, kisha acha bodi ikauke kabisa kabla ya kuwasha umeme.