Somo: Kukeneka mafuta ya makonyo bila ya maabara

Mtoto wa Pemba amekulia kwenye majamvi ya karafuu, lakini muulize harufu ile inatoka wapi, hana jibu. Naumia nikiona mada ya kutenganisha michanganyiko inafundishwa kwa mchoro wa ubaoni, na hali makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yameanikwa nje ya dirisha. Kiwanda cha Makonyo pale Wawi kinayakeneka, yaani kinatoa mafuta yake kwa mvuke, kwa mitambo mikubwa. Sisi tunatumia sufuria.

1. Twanga kidogo konzi nne za makonyo makavu, uyaroweke usiku kucha.

2. Weka jiwe safi katikati ya sufuria na bakuli dogo juu yake. Makonyo na maji yake yakae pembeni, yasifikie bakuli.

3. Geuza mfuniko, kishikio kielekee bakuli, kisha jaza barafu juu. Moto uwe mdogo. Mvuke ukigusa bati baridi unarudi kuwa maji, unateremka mpaka kwenye kishikio, unadondoka. Endelea kwa saa nzima, barafu ikiyeyuka chota maji uongeze nyengine. Sufuria isikauke hata kidogo.

4. Kabla ya kufunua, waulize wanafunzi: mafuta yatakaa juu ya maji au chini? Kila mmoja aandike jibu lake kwa kalamu ya wino. Hatua hii usiiruke, ndiyo somo lenyewe. Darasani kwangu karibu wote waliandika "juu", maana mafuta wanayoyajua ni ya nazi.

5. Mimina kwenye chupa nyembamba. Utaona maji meupe kama tui. Yaache mpaka kesho.

Asubuhi matone ya manjano yalikuwa chini kabisa. Darasa lilinyamaza, halafu binti mmoja akaigeuza chupa juu chini kuhakikisha. Matone yakateremka tena polepole. Hapo ndipo nilipoandika neno densiti ubaoni, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, si kabla. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta haya, ina takriban gramu 1.06 kwa sentimita moja ya ujazo. Wape maji ya bahari wajaribu: bado mafuta yanazama, kwani maji ya bahari yana kama 1.03. Kisha waongeze chumvi kijiko kijiko mpaka tone lipande.

Tahadhari: mafuta yanababua ngozi na macho, na hayaonjwi.

Maswali ya wanachama

*Asalaam alaikum mwalimu. Yujenoli inachemka kwenye nyuzi 250 na kitu. Vipi inatoka kwenye maji ya 100?*
Waalaikumu salaam. Maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja kinatoa mvuke wake. Kanieneo, yaani misukumo, ya mivuke miwili ikijumlishwa inafikia ya hewa mapema, mchemko unaanza chini kidogo ya 100. Maji ndiyo yanayoyabeba mafuta.

*Nitumie karafuu zenyewe?*
Zina mafuta mengi zaidi, lakini karafuu ni pesa ya mtu. Makonyo yanatosha.

*Mimi niko Makunduchi, makonyo sina.*
Chukua mchaichai, dada. Mafuta yake yanaelea, na ukipata mwenzako wa Pemba akakutumia kichupa cha makonyo, weka vyote viwili mezani uwaache wanafunzi wabishane.