Kupima namba tasa kubwa kwa kikokotoo cha dukani

Kikokotoo cha tarakimu 12, kile ambacho wenye maduka wa Langoni hapa Lamu hujumlishia madeni, kinatosha kuthibitisha kwamba 131,071 au 524,287 ni namba tasa. Sharti namba iwe ya Mersenne: 2 kwa kipeo p, toa 1, na p yenyewe iwe tasa na witiri. (Shufwa iliyo tasa ni 2 peke yake, na kipimo hiki hakiihusu.)

Kwanza itafutie kigawo. Kigawo chochote tasa cha namba hizi huwa na umbo 2kp + 1, na ukikigawanya kwa 8 hubaki 1 au 7. Ikiwa p ni 11, namba ni 2,047. Sasa 2 × 11 + 1 ni 23, na 23 × 89 ni 2,047. Imeanguka. Wengi hudhani p ikiwa tasa basi yamekwisha, hayajesha. Kwa chekeche hilihili mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba 2,147,483,647 ni tasa: hadi kipeuo chake cha pili, 46,340, namba zinazopita ni 373 tu, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo unaziruka.

Kigawo kisipopatikana, ingia kipimo cha wanahisabati Lucas na Lehmer. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, shika baki tu. Rudia mara p − 2. Ile 4 ya mwanzo haihesabiwi. Ukimalizia na 0, namba ni tasa. Ukimalizia na kitu kingine, si tasa.

Kinachochosha ni kule kugawanya, na dawa yake ipo. Kwa 127 (p = 7) gawanya kwa 128, yaani 127 + 1, kisha jumlisha jibu zima na baki:

4 → 14
14 → 194 = 1 × 128 + 66 → 67
67 → 4,487 = 35 × 128 + 7 → 42
42 → 1,762 = 13 × 128 + 98 → 111
111 → 12,319 = 96 × 128 + 31 → 127

Hiyo 127 ya mwisho ndiyo 0 yetu. Usiiandike 127 ukasema imeshindwa. Baki usilitafute kwa kuzidisha desimali, maana kikokotoo huzikata. Zidisha jibu zima kwa 128, halafu utoe.

Kosa la hatua moja huharibu zote zinazofuata, basi kagua kila mraba kwa tisa, yaani jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja: 67 ni 6 + 7 = 13, yaani 4; 4 × 4 = 16, yaani 7. Na 4,489, mraba wa 67 kabla ya kutoa 2, ni 25, yaani 7. Sawa.

Rekodi ya namba tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye p = 136,279,841 na tarakimu 41,024,320, ilihakikiwa kwa kipimo hikihiki, ila kwa kompyuta. Chako kinakomea p = 19. Kwa 23 miraba hufika tarakimu 14 na kioo kitaonyesha E, alama ya kosa, lakini hapo huna haja ya kuanza: 2 × 23 + 1 ni 47, na 47 inaigawanya 8,388,607 bila baki.