Mradi wa maonyesho ya historia: anza na swali, bango lisubiri

Karibu kila mwaka naletewa kadibodi kabla ya kuletewa swali. Mwanafunzi ameshanunua gundi na karatasi za rangi, ameshaandika kichwa kwa herufi kubwa, ndipo ananiuliza, "Mwalimu, hapa katikati niweke nini?" Nimekaa pia upande wa majaji, na nimeona miradi ya namna hiyo inavyoishia. Jaji anasifia mwandiko, kisha anauliza neno moja tu: "Umejuaje?" Mtoto anainamisha kichwa. Inaniuma kila mara, maana mara nyingi mtoto huyo amefanya kazi kubwa, ila ameianzia mwisho.

Jipe wiki nane. Sita zinatosha kama hutapoteza hata moja.

Hatua ya 1: Pata kanuni kwa maandishi

Usitegemee ulichosikia kwa mwenzako. Soma mada ya mwaka, aina za miradi zinazokubaliwa, idadi ya wanakikundi, ukubwa wa bango, kikomo cha maneno au dakika. Kanuni hutofautiana, lakini mfano mmoja utakupa picha ya kinachothaminiwa. Mashindano ya Marekani yaitwayo National History Day, yaliyoanzia Cleveland mwaka 1974, humruhusu mwanafunzi maneno yake 500 tu kwenye bango, na filamu isizidi dakika 10. Katika tathmini yao, asilimia 80 ni ubora wa historia yenyewe, na uwasilishaji ni asilimia 20. Ukiwa na siku kumi, basi, nane ni za utafiti.

Hatua ya 2: Punguza mada mpaka iwe swali

Hapa ndipo miradi mingi hufa. Mwanafunzi huniambia, "Nitafanya Reli ya Uganda." Hiyo haijawa mada ya mradi, hiyo ni rafu nzima ya vitabu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo, mwaka 1901. Ndani yake kuna vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, kuna upinzani wa Wanandi, kuna ardhi, kuna fedha za Bunge la Uingereza. Chagua kipande kimoja, tuseme simba wa Tsavo, wale waliowaua na kuwala wajenzi wa reli hiyo. Bado hujafika, maana hicho ni kisa tu na kila mtu anakijua. Endelea kukikuna: "Kwa nini hesabu za watu waliouawa na simba wa Tsavo zinapishana?" Sasa una swali.

Lipime hivi. Je, jibu lake litahitaji neno "kwa sababu"? Je, wapo watu wanaolijibu tofauti? Je, vyanzo vyake utavipata kabla ya tarehe ya mwisho? Likishindwa hata kipimo kimoja, lirekebishe leo, usingoje wiki ya tano.

Hatua ya 3: Kusanya vyanzo, kisha vihoji

Chanzo cha msingi ni kilichoachwa na aliyekuwapo au kilichotoka wakati huo: barua, picha, ramani, gazeti la siku zile, masimulizi ya shahidi. Chanzo cha upili ni kazi ya aliyekuja baadaye akachambua. Anza na vya upili viwili au vitatu upate kujua mandhari, halafu tazama tanbihi zao. Zitakuelekeza kwenye vya msingi. Makala za ensaiklopidia za intaneti zikusaidie kupata majina na miaka ya kufuatilia, zisiwe ndizo ushahidi wako.

Turudi Tsavo. John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo, aliwapiga risasi simba wawili Desemba 1898. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1907 aliandika kwamba waliuawa vibarua 28 wa Kihindi, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa juu yao. Baadaye akataja 135. Ngozi aliliuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka 1924. Mwaka 2009 watafiti waliopima kemia ya mifupa na nywele za simba hao walikadiria kwamba walikula watu wapatao 35.

Hesabu tatu. Mwanafunzi mwenye haraka atachagua moja na kuendelea. Wewe iulize kila moja: nani kaitoa, lini, alikuwa na njia gani ya kujua, na alinufaika nini? Patterson alikuwapo, ndiyo, lakini pia alikuwa shujaa wa kisa chake mwenyewe. Kemia haina sababu ya kujisifu, ila inapima walioliwa. Aliyeuawa akaachwa hataonekana humo. Kisha rudi kwenye sentensi ile ya mwaka 1907 uisome polepole. Wahindi wana namba. Waafrika hawana. Kwa nini? Ukifika hapo mradi wako umezaliwa, kwa sababu sasa unachunguza nyaraka zilimhesabu nani na zikamwacha nani. Mimi hufurahi sana mwanafunzi anapoligundua jambo la namna hii mwenyewe, na huwaomba walimu wenzangu wasimwonyeshe mapema.

Kila chanzo kipe karatasi yake: mwandishi, mwaka, ukurasa, maneno yenyewe ndani ya alama za kunukuu, maelezo yako, na mwisho shaka yako. Shaka ndiyo watu huiruka, na ndiyo utakayoihitaji mbele ya jaji.

Ukimhoji mzee, omba ruhusa kabla ya kurekodi na uandike tarehe. Uliza "ilikuwaje?" badala ya "ni kweli kwamba...?" Muulize pia kama aliona kwa macho au alisimuliwa. Akikosea mwaka, usimsahihishe. Rekodi alivyosema, utauhakiki baadaye.

Hatua ya 4: Andika dai lako kwa sentensi moja

Mfano: "Hesabu za waliouawa Tsavo zinapishana kwa sababu kumbukumbu za wakati ule ziliwahesabu baadhi ya watu na kuwaacha wengine." Msomee mtu asiyesoma historia. Akiuliza "una maana gani?", iandike upya.

Hatua ya 5: Chagua umbo

Bango hufaa penye picha, ramani na vitu. Filamu hufaa penye sauti na mashahidi. Igizo hufaa penye mgongano wa watu. Insha hufaa hoja ndefu. Dai lako ndilo lichague.

Hatua ya 6: Sasa leta kadibodi

Kwenye bango la kurasa tatu, kushoto weka mazingira ya tukio, katikati dai na ushahidi wako mzito, kulia matokeo yake. Panga kila kitu sakafuni kwanza, bila gundi, ukiache usiku mmoja. Asubuhi simama hatua mbili nyuma: kisichosomeka, kikuze au kiondoe. Chini ya kila picha andika aliyeipiga, mwaka, na inachothibitisha. Picha isiyothibitisha kitu iondoe, hata kama ni nzuri. Nafasi tupu si aibu.

Orodha ya vyanzo iandike kutoka zile karatasi zako, na kwa kila kimoja ongeza sentensi ya jinsi ulivyokitumia.

Hatua ya 7: Jiandae kuulizwa

Mpe mwenzako daftari lenye maswali haya akuulize bila mpangilio: Umejuaje? Kwa nini unakiamini chanzo hiki kuliko kile? Nani angekupinga? Ni kitu gani ulichokipata kikabadilisha mawazo yako? Fanya hivyo siku tatu mfululizo, bila kutazama bango. Siku yenyewe simama pembeni ya bango, usilizibe, wala usilisome kwa sauti. Jaji anajua kusoma. Akikuuliza usilolijua, sema, "Sikupata chanzo kinachojibu hilo," kisha mwambie ungekitafuta wapi.